Jioni ya kwanza Bangkok: barabara moja na samaki mmoja

Shemeji yangu anasafiri mwezi ujao kwenda Bangkok kufuata mzigo wa nguo, na ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege inayovuka bahari. Juzi alikuja kibandani kwangu hapa sokoni Kibuye, Kisumu, na daftari la shule. Alikuwa ameorodhesha mambo tisa ya kufanya jioni ya kwanza: mashua ya mtoni, hekalu lenye taa, mtaa wa Wachina wa Yaowarat, soko la usiku, baa ya juu ya ghorofa, na mengine ya namna hiyo. Nikamwomba kalamu, nikakata manane. La tisa nikalibadilisha. Alinuna kidogo. Nikamtilia chai, nikamweleza sababu, na haya hapa ndiyo niliyomweleza, pamoja na yale niliyoyakumbuka akiwa ameshapanda bodaboda kwenda zake.

Ushauri wangu ni mmoja: jioni ya kwanza tembea barabara moja tu. Ukichoka, geuka, rudi ulikotoka. Hata simu ikizima unajua gesti iko wapi, iko nyuma yako.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo watu wengi hupanga vibaya. Thailand iko mbele yetu kwa saa nne. Saa moja jioni kule, mwili wako bado uko saa tisa alasiri ya Kisumu, macho makavu, miguu inataka kwenda. Kwa hiyo jioni haitakushinda. Asubuhi ndiyo itakayokushinda. Kengele ikilia saa moja asubuhi, kwa mwili wako ni saa tisa usiku, wavuvi wa omena wangali ziwani na taa zao. Mimi safari ya kwanza nilijiona shujaa, nikazurura mpaka saa saba usiku kwa sababu usingizi haukuja, kisha kesho yake nikanunua magauni dazani nne ya saizi isiyovaliwa na mtu yeyote ninayemjua. Mengine bado ninayo.

Tafuta ndege inayofika mchana. Kutoka Kisumu utapitia Nairobi, halafu mara nyingi Addis Ababa au Doha, kwa hiyo utakuwa umekaa njiani usiku mzima. Viza omba ungali nyumbani. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiifungie kwenye sanduku, ishike mkononi, kwa sababu sisi wa Kenya huulizwa. Tangu tarehe 1 Mei 2025 kuna pia fomu ya kuingia inayojazwa kwenye mtandao ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni ya bure. Tovuti ikikuomba pesa za fomu hiyo, umeingia mahali pasipofaa, toka.

Pesa: beba dola, noti za mia, mpya, zisizokunjwa. Shilingi yetu kule haina mnunuzi. Uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi una vibanda vya kubadilisha pesa kila upande, lakini vya ghorofa ya chini kabisa, pale pa kupandia treni, hutoa bei nzuri kuliko vya juu. Badilisha za siku mbili tu. Baadaye kila bei utakayoiona kwa baht, pesa yao, zidisha kwa nne, utapata shilingi kwa kukadiria. Si hesabu kamili, ila itakuzuia kushtuka au kufurahi bure. Utaona pia kwamba karibu kila mwenye kibanda amebandika karatasi ya msimbo wa kulipia kwa simu, kama sisi tunavyobandika namba ya till. Hiyo ni ya wenye akaunti za benki za kule. Wewe lipa taslimu, na uwe na noti za ishirini ishirini.

Wafanyabiashara wa nguo wengi hulala mtaa wa Pratunam, na mimi humo humo. Treni ya uwanja wa ndege inakuacha kituo cha Ratchaprarop kwa baht 40. Usipande teksi saa ya jioni, utakaa kwenye foleni ukiangalia mita inavyopanda. Ukifika gesti, oga, weka kengele, lala saa moja. Isizidi hapo.

Kabla hujatoka nje, omba kadi ya gesti iliyoandikwa kwa Kithai na uipige picha. Madereva wengi hawasomi herufi zetu, na jina la gesti ukilitamka wewe litakuwa jina lingine kabisa. Chaja nayo: plagi yetu ya pini tatu nene haiingii kule, kwa hiyo nunua adapta ungali Kisumu.

Sasa nikueleze barabara yenyewe nilivyoipata, maana sikuitafuta.

Jioni moja nilitoka na njaa, kama saa kumi na moja hivi. Kwenye kichochoro karibu na gesti palikuwa na mama amewasha mkaa, anapepea, na kando yake kuna beseni la samaki. Nikatazama beseni. Nikatazama tena. Ngege, tilapia wetu wa ziwani! Si mfano wa ngege, ngege mwenyewe, na mapezi yake ya miiba. Nikaonyesha kwa kidole kwamba nataka huyo. Yule mama akatikisa kichwa, akaonyesha mkaa ambao haujashika, akainua vidole viwili akasema, "Song thum."

Mimi sikuona tatizo. Vidole viwili ni saa mbili. Saa mbili usiku nitarudi.

Baadaye kijana wa mapokezi ndiye aliyenieleza kwa nini nilielewa. Kwa mazungumzo ya kawaida Wathai huhesabu saa za usiku kuanzia jua likishazama, kama sisi. Saa moja usiku ni nueng thum, saa mbili ni song thum, na kuendelea hadi saa tano. Hilo thum ni mlio wa ngoma iliyokuwa ikipigwa zamani kutangaza saa. Mzungu akiambiwa mbili na kuonyeshwa vidole viwili hubaki akikuna kichwa. Mtu wa Kisumu anaitikia tu. Lakini angalia, hesabu hiyo hukubaliana na yetu usiku peke yake. Alasiri wana neno bai, na bai song ni saa nane yetu, si saa mbili. Usije ukamkosa mwenye mzigo kwa kujiamini.

Basi nilikuwa na saa tatu za kupoteza. Nikashika barabara kuu, nikaelekea kusini, nikiapa kutopiga kona hata moja.

Barabara ile inaanza ikiitwa Ratchaprarop, na baada ya makutano ya Pratunam inaitwa Ratchadamri. Ni ile ile. Magari hupita kushoto kama kwetu, kwa hiyo shingo yako tayari inajua pa kutazama, ila mistari myeupe ya kuvukia usiitegemee, na pikipiki hupanda juu ya njia ya miguu bila haya. Wanaopakia abiria huvaa vizibao vya rangi ya machungwa. Hatua chache tu na utavuka daraja la mfereji wa Saen Saep. Simama hapo. Boti ndefu zinakuja kwa kasi, abiria wanavuta kamba za mapazia ya plastiki pembeni ili maji yasiwarukie, na kondakta anatembea ukingoni kwa nje ya boti akikusanya nauli, kofia ngumu kichwani. Makondakta wetu wa kuning'inia mlangoni wangemheshimu. Pratunam maana yake mlango wa maji, ni kwa ajili ya huo mfereji.

Mbele kidogo, kwenye makutano ya Ratchaprasong, kuna hekalu dogo la Erawan, pale kona kabisa, magari yakinguruma pande zote. Lilijengwa 1956. Sanamu ni ya Brahma mwenye nyuso nne, na watu huja kuomba, na aliyejibiwa hurudi na kulipia wacheza ngoma wacheze mbele ya sanamu. Dakika tano zinatosha. Simama pembeni, usiwaelekezee watu simu usoni wakiwa wanaomba. Mahekalu makubwa yanataka mabega na magoti yafunikwe, kwa hiyo leso moja ndani ya mkoba haidhuru. Na kote uendako, usiseme neno baya juu ya mfalme wao wala familia yake, hata kwa utani. Kuna sheria, na kifungo chake hufika miaka kumi na mitano.

Kutoka Pratunam hadi mwisho wa barabara ni kama kilomita mbili na kitu, mwendo wa nusu saa na zaidi kidogo ukitembea kama mtu asiye na haraka. Jua likiwa kali, sehemu ya njia kuna njia ya miguu ya juu, ina kivuli. Kwa joto hatutishiki sana sisi wa ziwani, lakini jasho la Bangkok halikauki. Hata usiku hewa imekaa tu. Nunua maji dukani, ya bomba usinywe. Muuza matunda akipita na kigari chake, chukua embe bichi au pera. Atakupa na kijifuko cha chumvi, sukari na pilipili, na utacheka maana ni embe la nje ya shule ya msingi kabisa. Pera kwa Kithai huitwa farang, na mzungu pia huitwa farang. Sisi hatumo kwenye neno hilo.

Barabara inaishia bustani ya Lumphini. Kiingilio hakuna. Ilikuwa ardhi ya Mfalme Vajiravudh, akaitoa miaka ya 1920, sanamu yake imesimama pale kwenye kona, na jina lilitoka Lumbini, kule Nepal, alikozaliwa Buddha. Hayo nilisoma baadaye. Siku ile nilichoona kwanza ni kenge. Kenge mrefu kuliko mtoto wangu wa darasa la nne, anaogelea polepole ziwani, kichwa juu, na wazee wamekaa kwenye benchi hawana habari naye. Usimkaribie, na yeye hatakukaribia. Kaa. Wanaokimbia wanakimbia, akina mama wamejipanga mbele ya spika wanafanya mazoezi ya muziki, na ukitaka kujiunga mstari wa nyuma hakuna atakayekuuliza.

Saa kumi na mbili kamili nilikuwa natembea huku nikitafuta mtandao kwenye simu. Ghafla miguu yote ikanyamaza. Niliinua macho nikaona aliyekuwa akikimbia amesimama wima, mama wa mazoezi amesimama, mtoto wa baiskeli ameshuka. Nilidhani kuna mtu ameanguka. Nilipiga hatua tatu nzima peke yangu katika bustani ile yote kabla sijasikia kwamba spika zinapiga wimbo wa taifa. Nikasimama, simu kifuani kama mwanafunzi wa Jumatatu asubuhi. Haukufika hata dakika mbili, na wote wakaendelea kana kwamba kuna aliyebonyeza kitufe. Hupigwa kila siku saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, vituoni na bustanini. Wewe usinakili hatua zangu tatu.

Giza huingia upesi kama kwetu. Kurudi una njia mbili. Unaweza kutembea barabara ile ile, sasa taa zimewaka na ni nzuri kuliko mwanzo. Au, kama miguu imevimba kwa ndege, panda treni ya angani kituo cha Sala Daeng, karibu na sanamu ya mfalme, shuka Siam, badilisha, kituo kimoja tu hadi Chit Lom, halafu utembee kidogo. Teksi nayo sawa. Taa nyekundu iliyowaka kioo cha mbele maana yake ni tupu. Sema "mita" kabla hujakaa, na akikataa funga mlango taratibu, nyingine inakuja. Mita huanza baht 35.

Tuktuk, hapana. Najua utabisha, wewe ni mtu wa Kisumu, tuktuk ndizo zilikulea. Mimi pia nilifikiri hivyo. Dereva mmoja alinipakia kwa baht 20 kuzunguka mji mzima, nikajisemea huyu kaka ana huruma. Akanipeleka duka la vito. Kisha la suti. Kisha duka lingine la vito, na kila duka mlangoni alisema, "Dakika kumi tu, dada, wananipa petroli." Saa mbili ziliyoyoma na sikuona hekalu hata moja. Kwetu tuktuk ya bei rahisi ni bahati, na kule bei ikiwa rahisi hivyo ujue wewe ndiye unayeuzwa. Panda siku nyingine, kwa kujifurahisha, umekubaliana bei na mahali pamoja tu.

Saa mbili kasorobo nilikuwa kichochoroni tena. Song thum yangu.

Viti vya plastiki, meza ya bati, na juu ya mkaa ngege wamelala weupe kama waliopakwa chokaa. Ni chumvi ya mawe iliyochanganywa na unga kidogo, wanampaka nayo mwili mzima na magamba yake, halafu wanamsokomeza mchaichai mdomoni mpaka tumboni. Anaokwa polepole muda mrefu, ndiyo maana mama hakutaka niharakishe. Akikuletea, anapasua kwa kisu juu ya mgongo, anakunja ngozi yote pamoja na chumvi na magamba, inatoka nzima kama soksi. Chini yake nyama nyeupe inatoa mvuke, haina tone la mafuta, inanukia mchaichai. Chumvi haikuingia ndani. Nilitafuta ile ladha ya kukaangwa ya Dunga, ufukweni kwetu Kisumu, nikaikosa, na baada ya tonge la tatu nikaacha kuitafuta.

Wao humwita pla nin. Mwaka 1965 Akihito wa Japani, wakati huo mwana wa mfalme na mtu anayependa elimu ya samaki, alimpelekea Mfalme Bhumibol samaki hamsini wa aina hiyo. Wakafugwa kwenye mabwawa ya ikulu, vifaranga wakagawiwa wananchi, na leo yuko kila soko. Asili yake ni Nile. Na huyu tunayemla sisi hapa Kisumu kwa jina la ngege mara nyingi ni aina hiyo hiyo, alitiwa ziwani miaka ya 1950, akawasukuma ngege wa asili pembeni. Kwa hiyo mimi na yule mama tulikuwa na mgeni mmoja mezani.

Agiza naye wali wa kunata, khao niao. Unakuja kwenye kikapu kidogo cha mianzi chenye kifuniko. Fungua, kata kwa mkono wa kulia, finya uwe tonge, bonyeza shimo kwa dole gumba, chovya. Mama aliponiona nikifinya bila kufundishwa alimwita mwenzake aje anitazame. Wali wa kawaida, lakini, hawali kwa mkono. Huo ni wa kijiko mkono wa kulia, na uma kushoto wa kusukumia tu.

Mchuzi wa kijani ndio wa kuogopa: pilipili, kitunguu saumu, ndimu na maji ya chumvi ya samaki waliochachushwa. Onja kwa ncha ya tonge. Ukisikia kinu kinatwangwa karibu, hiyo ni som tam, papai bichi lililochanwachanwa. Sema "mai phet", isiwe kali, na bado uwe na maji karibu. Mimi nilisema mai phet, akanionyesha pilipili moja ili nijue amenihurumia, na ile moja ilinitoa machozi. Kwa Waislamu, nyama nyingi za mishikaki barabarani ni za nguruwe, kwa hiyo tafuta alama ya halali au nenda mitaa ya Nana, Soi 3 (soi ni kichochoro), kwenye hoteli za Waarabu.

Samaki, wali, som tam na maji havikufika baht 350. Ukiongeza embe na treni, jioni nzima iko chini ya shilingi elfu mbili. Baa ya juu ya ghorofa inakutoza kiasi hicho kwa glasi moja, na ukija na ndala wanakurudisha mlangoni.

Shemeji aliuliza, na Yaowarat je? Mtaa wa Wachina, maduka ya dhahabu, taa nyekundu, chakula pande zote mbili. Uende, lakini usiku wa pili, ukiwa umeshazoea pesa na kelele, kwa treni ya chini ya ardhi hadi Wat Mangkon. Na isiwe Jumatatu. Mimi nilienda Jumatatu, nimeshinda na njaa makusudi, nikakuta vibanda vingi havipo, siku yao ya kupumzika barabarani. Nilikula biskuti.

Saa nne usiku uwe chumbani. Wakati huo Kisumu ni saa kumi na mbili jioni, watu wako nyumbani, ndiyo saa nzuri ya kupiga simu. Nilimpigia mtoto, akataka kujua nimekula nini huko mbali. Nikamwambia ngege. Akanyamaza, kisha nikamsikia akimwambia bibi yake, "Mama bado hajaondoka."